Mkaguzi Asile Chungu Kimoja na Mwenye Kinu



Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana aliyetoka shule karibuni, niliajiriwa kuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Kiwanda chenyewe sikitaji, wala si kusudi langu kukisema. Palikuwa na boila kubwa, nzee kuliko wafanyakazi wote, na kila mwaka alikuja bwana mmoja wa serikali kuikagua. Siku ya kuja kwake tuliijua wiki mbili kabla. Boila ilipakwa rangi, sakafu ikafagiliwa, mbuzi akachinjwa. Bwana mkaguzi alifika saa nne, akaizunguka boila mara moja, akaigonga kwa nyundo ndogo, akatazama geji, kisha akaenda nyumbani kwa meneja kula pilau. Saa tisa aliondoka, cheti kimetiwa saini, na debe la mafuta limo ndani ya gari.

Fundi wetu wa boila, mzee mwenye kovu la mvuke mkononi, alinionyesha siku ile vali ya usalama. Ilikuwa imefungwa kwa waya tangu mwaka uliotangulia, kwa sababu ilikuwa ikivuma na kupoteza mvuke. Nikamwuliza, "Mzee, na mkaguzi hakuiona?" Akanijibu, "Mwanangu, yule hakuja kukagua boila. Amekagua pilau."

Nimemkumbuka mzee yule wiki hii nilipokuwa nikisoma habari za jinsi serikali ya Marekani inavyokagua usalama wa vituo vya umeme wa nyuklia. Mtu angedhani kwamba mambo makubwa kama hayo, yenye maprofesa na kompyuta, hayana uhusiano wowote na boila ya mafuta ya pamba. La hasha. Historia yake yote, tangu mwanzo hadi leo, ni habari ya vali iliyofungwa waya na mkaguzi aliyealikwa pilau. Tofauti ni ukubwa wa boila tu.

Kwanza tuelewane juu ya hatari yenyewe. Jiko la mkaa ukilimwagia maji linazimika, na mambo yamekwisha. Kinu cha nyuklia si hivyo. Ukikizima, urani iliyokwisha kupasuliwa ndani yake inaendelea kutoa joto, mwanzoni kiasi cha asilimia 6 au 7 ya nguvu yake yote, kisha kidogo kidogo ikipungua kwa siku na miezi. Kwa hiyo ni lazima maji yaendelee kupita juu ya vijiti vya urani hata baada ya kinu kuzimwa. Maji yakikosekana kwa saa chache, vijiti huyeyuka, na mionzi iliyofungiwa ndani hutafuta njia ya kutoka. Ndiyo maana usalama wa kituo cha nyuklia, ukiondoa maneno yote ya kitaalamu, ni habari ya maji: yapo au hayapo, pampu inakwenda au haiendi, vali imefunga au haijafunga. Na kazi ya mkaguzi ni kuhakikisha kwamba mwenye kituo anasema kweli juu ya maji hayo.

Sasa turudi nyuma. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bunge la Marekani lilitunga sheria ya mwaka 1946 na kuunda Tume ya Nguvu za Atomu, ambayo ilichukua kazi hiyo kutoka kwa jeshi mwanzoni mwa mwaka 1947. Mwaka 1954 sheria ikabadilishwa ili makampuni ya watu binafsi yaruhusiwe kujenga na kumiliki vinu vya kuzalisha umeme. Hapo ndipo lilipozaliwa tatizo ambalo ndilo kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Tume ile ile ilipewa kazi mbili. Ya kwanza, kuhimiza umeme wa nyuklia usambae haraka. Ya pili, kuudhibiti usije ukadhuru watu. Tume hiyo hiyo ilikuwa mpiga debe na polisi wa trafiki wa basi moja.

Wahenga wetu walisema mshika mbili, moja humponyoka. Haikuchukua muda kujulikana ni ipi iliyoponyoka. Mwaka huo huo wa 1954 mwenyekiti wa Tume, Lewis Strauss, aliwaambia waandishi wa habari za sayansi kwamba watoto wao watakuja kuwa na umeme rahisi mno hata isifae kuupimia mita. Mtu aliyekwisha kuahidi hivyo mbele ya taifa, atapata wapi moyo wa kusema, "Ngojeni kwanza, kinu hiki bado"?

Jaribio lilikuja upesi. Mwaka 1956 kampuni iliyoshirikiana na shirika la umeme la Detroit iliomba kibali cha kujenga kinu cha aina mpya kando ya Ziwa Erie, katika jimbo la Michigan, si mbali na mji huo mkubwa. Kinu hicho, kilichopewa jina la Fermi, hakikupozwa kwa maji bali kwa sodiamu iliyoyeyushwa. Kamati ya wataalamu waliokuwa wakiishauri Tume juu ya usalama iliandika kwamba ujuzi uliokuwapo wakati huo haukutosha kuhakikisha kwamba kinu cha namna hiyo kingeweza kuendeshwa mahali pale bila hatari kwa umma. Tume ilifanya nini? Haikutaka barua hiyo iwekwe hadharani, na mwezi Agosti ikatoa kibali.

Chama cha wafanyakazi wa magari kikaenda mahakamani. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1961 iliamua kwamba Tume ilikuwa na haki ya kutoa kibali cha kujenga na kuacha maswali ya usalama yajibiwe kabla ya kutoa leseni ya kuendesha. Kinu kikajengwa. Tarehe 5 Oktoba 1966, bamba dogo la zirkoni lililokuwa chini ya kinu liling'oka na kuziba njia ya sodiamu. Mafungu mawili ya vijiti yakayeyuka. Mionzi haikutoka nje kudhuru watu, na tushukuru. Lakini wataalamu wale waliosema "bado hatujui" walikuwa wamesema kweli, na aliyepaswa kuwasikiliza alikuwa na shughuli nyingine ya kuuza bidhaa.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Kutokana na mzozo huo, Bunge la Marekani liliagiza mwaka 1957 kwamba maoni ya kamati ile ya wataalamu yawe yakitangazwa kwa umma. Hilo lilikuwa jambo jema sana, na tutaona baadaye kwamba karatasi iliyo wazi kwa watu wote huwa mkaguzi wa pili. Lakini ugonjwa wenyewe, yaani kazi mbili katika mkono mmoja, haukutibiwa kwa miaka mingi. Maombi ya leseni yakamiminika katika miaka ya 1960. Vinu vikawa vikubwa mara kadhaa kuliko vile vya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalifanyika mahojiano marefu ya hadhara juu ya swali moja: je, maji ya dharura yatafika kwa wakati bomba kubwa likipasuka? Ikadhihirika kwamba baadhi ya wanasayansi wa Tume yenyewe walikuwa na mashaka ambayo hayakufika mezani kwa wakubwa.

Hatimaye uvumilivu ulikwisha. Tarehe 11 Oktoba 1974 Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya kuivunja Tume ya Nguvu za Atomu. Kazi ya kuhimiza na kufanya utafiti ikapelekwa upande mmoja. Kazi ya kudhibiti ikapewa chombo kipya, Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoanza kazi tarehe 19 Januari 1975. Ina nafasi tano za makamishna, na sheria inasema wasizidi watatu kutoka chama kimoja cha siasa. Kwa karatasi, fisi alikuwa ameondolewa buchani.

Nasema kwa karatasi. Tume mpya ilikuwa na umri wa miezi miwili tu ilipopata somo lake la kwanza. Tarehe 22 Machi 1975, katika kituo cha Browns Ferry, jimbo la Alabama, mafundi walikuwa wakitafuta mahali panapovuja hewa katika tundu la ukuta linalopitisha nyaya za umeme. Walitumia nini? Mshumaa. Ndiyo, ndugu wasikilizaji, mshumaa wa kawaida. Moto ukiyumba, wanajua hewa inapita. Lakini tundu lilikuwa limezibwa kwa sponji inayoshika moto, na moto ukaingia ndani ya nyaya. Uliwaka kwa muda wa saa saba hivi. Nyaya zaidi ya 1,600 ziliharibika, zikiwamo zile za kuendesha pampu za dharura. Waendeshaji waliokoa vinu kwa kubahatisha na pampu ambazo hazikukusudiwa kazi hiyo.

Mtu atauliza: mkaguzi alikuwa wapi? Mkaguzi alikuwa ofisini kwake, mji mwingine. Katika siku hizo wakaguzi walikuwa wakisafiri kutoka ofisi za kanda, wanafika, wanatazama makaratasi, wanarudi. Kama bwana wetu wa boila, ingawa sisemi kwamba walikula pilau. Mshumaa hauandikwi katika makaratasi. Ili kuuona mshumaa ni lazima uwepo.

Kwa hiyo tangu mwaka 1978 Tume ilianza kuweka wakaguzi wakazi, yaani watu wa serikali wanaofanya kazi ndani ya kituo kila siku. Ofisi yao iko ndani ya ua wa kituo, mshahara wao unatoka serikalini. Wanaingia chumba cha kuongozea mitambo bila hodi, wanatazama fundi akibadilisha vali, wanaweza kuja usiku wa manane au siku ya sikukuu. Mkaguzi akiona kosa huliandika, na anayoyaandika hutangazwa. Makosa hupimwa uzito: dogo, mwenye kituo hulirekebisha mwenyewe, kubwa, wakaguzi huongezwa, faini hutozwa, na mwisho kabisa Tume inaweza kuamuru kinu kizimwe. Hayo ndiyo meno ya mdhibiti, na leseni ndiyo kamba yake: mwenye kituo ameahidi kwa maandishi kwamba pampu fulani itakuwa tayari daima, na isipokuwa tayari kwa saa kadhaa zilizotajwa, ni lazima azime.

Lakini kabla mpango huo haujaenea, tulipata mwaka 1979. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana sehemu hii mara nyingi husahauliwa.

Tarehe 24 Septemba 1977, katika kituo cha Davis-Besse kilichoko ukingoni mwa Ziwa Erie, jimbo la Ohio, vali moja ya kupunguza shinikizo ilifunguka na kukataa kufunga. Maji yakawa yanatoka. Waendeshaji, wakidanganywa na geji, walidhani maji yamezidi, wakafunga pampu za dharura. Kwa bahati kinu kilikuwa kikienda kwa nguvu ndogo sana, kiasi cha asilimia 9, na baada ya dakika ishirini na kitu mmoja wao aligundua na kuziba njia ile. Hapakuwa na madhara. Mkaguzi mmoja wa Tume, jina lake James Creswell, hakuridhika. Aliuliza: je, jambo hili likitokea kinu kikiwa na nguvu kamili itakuwaje? Aliuliza kwa wakubwa wake, akauliza kwa watengenezaji, akaambiwa liko sawa, limeshughulikiwa. Hakunyamaza. Zaidi ya mwaka alizunguka na swali lake kutoka meza hadi meza, hata mwezi Machi 1979 akafanikiwa kuonana na makamishna wawili wenyewe.

Siku chache tu baada ya mkutano huo, tarehe 28 Machi 1979, saa kumi alfajiri, katika kituo cha Three Mile Island karibu na mji wa Harrisburg, jimbo la Pennsylvania, kinu cha kampuni ile ile iliyotengeneza cha Davis-Besse kilipata mkasa ule ule. Vali ikafunguka, haikufunga. Taa katika chumba cha kuongozea ilionyesha kwamba amri ya kufunga imepelekwa. Haikuonyesha kama vali imetii. Waendeshaji wakadhani maji yamezidi, wakapunguza maji ya dharura. Safari hii kinu kilikuwa karibu na nguvu zake zote. Vali ilibaki wazi zaidi ya saa mbili, na karibu nusu ya urani ndani ya kinu ikayeyuka.

Mionzi iliyotoka nje ilikuwa kidogo, na lile jengo nene la kuzuia lilifanya kazi yake. Lakini siku mbili baadaye gavana aliwashauri wajawazito na watoto wadogo wa karibu waondoke, na watu wapatao 140,000 wakahama kwa muda, wakiwa hawajui wamwamini nani. Rais Jimmy Carter aliunda tume ya uchunguzi chini ya John Kemeny, mkuu wa chuo cha Dartmouth. Mwezi Oktoba mwaka huo ilitoa taarifa yake. Haikusema mtambo ndio mbaya. Ilisema tatizo kubwa lilikuwa watu na fikra zao: watengenezaji, waendeshaji na hata wadhibiti walikuwa wamezoea kuamini kwamba vinu viko salama vya kutosha, na mtu anayeamini hivyo huacha kuuliza. Kuitenga Tume mwaka 1974 kulibadilisha kibao cha mlangoni. Watu walikuwa wale wale na mazoea yao yale yale.

Baada ya hapo wakaguzi wakazi waliwekwa katika kila kituo, mafunzo ya waendeshaji yakaimarishwa, na habari za mkasa wa kituo kimoja zikaanza kupelekwa kwa vingine vyote ili pasiwe na Davis-Besse nyingine isiyosikilizwa. Pakaja pia swali la busara: mkaguzi akiishi miaka na watu wale wale, watoto wao wakisoma shule moja, hatakuwa rafiki yao? Kanuni ikaja kuwekwa kwamba mkaguzi mkazi kwa kawaida asikae kituo kimoja zaidi ya miaka saba, na haruhusiwi kuwa na hisa katika makampuni anayoyakagua. Hata pilau walilifikiria, ndugu zangu.

Je, ikatosha? Hebu turudi Davis-Besse, kituo kile kile cha Ohio.

Mwaka 2001 iligunduliwa kwamba katika vinu vya aina hiyo mabomba madogo yanayopenya kifuniko cha kinu yaweza kupata nyufa. Maji ya ndani yana tindikali ya boroni; yakivuja juu ya kifuniko cha chuma, yanakila. Mwezi Agosti Tume ikaviandikia vituo, na vile vilivyoelekea zaidi kuwa na nyufa vikatakiwa vikague kabla ya mwisho wa mwaka. Davis-Besse ikaomba muda. Kuzima kabla ya wakati uliopangwa ni hasara kubwa. Maofisa wa Tume walikwisha kuandika rasimu ya amri ya kukifunga kituo hicho. Amri haikutolewa. Walipatana kwamba kinu kiendelee hadi katikati ya Februari 2002.

Mwezi Machi 2002, mafundi waliposafisha kifuniko, walikuta shimo la ukubwa wa nanasi. Tindikali ilikuwa imekula chuma unene wa sentimeta 15 na zaidi, ikaacha bamba jembamba tu la chuma kisichoshika kutu, lisilofika hata sentimeta moja. Bamba hilo, lisilokusudiwa kabisa kuzuia shinikizo, lilikuwa likizuia maji ya moto yenye shinikizo kama mara 150 ya hewa tunayovuta. Kilichobaki kati ya Ohio na mkasa mkubwa ni unene wa kidole.

Na dalili zilikuwapo. Tangu mwaka 1999 vichujio vya hewa ndani ya jengo la kinu vilikuwa vikiziba kwa vumbi la kutu, hata kubadilishwa kila baada ya siku moja au mbili. Mwaka 2000 ilipigwa picha ya kifuniko ikionyesha michirizi myekundu ya kutu. Picha hiyo haikumshtua aliyepaswa kushtuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapo ufa ulikuwa umekwisha kuwa shimo.

Mkaguzi mkuu wa ndani ya Tume yenyewe alichunguza, na mwezi Desemba 2002 akaandika kwamba uamuzi wa kuacha kinu kiendelee ulisukumwa kwa sehemu kubwa na nia ya kuipunguzia kampuni hasara ya fedha. Uongozi wa Tume haukukubali hukumu hiyo. Lakini iliandikwa, ikatangazwa, na kila raia aliweza kuisoma. Mwaka 2005 kampuni ilipigwa faini ya dola milioni 5.45, na mwaka 2006 ikakubali kulipa dola milioni 28 na kukiri kwamba watumishi wake walikuwa wameipa Tume maelezo ya uongo. Kituo kilikaa kimezimwa miaka miwili.

Tafadhali mtofautishe mambo mawili. Hakuna aliyesema ofisa wa Tume alipokea hongo. Hakuna debe la mafuta lililotiwa ndani ya gari. Hapakuwa na pilau. Palikuwa na watu waungwana, waliosoma, waliozoea kuzungumza na watu wengine waungwana waliosoma, wakaanza kuona hasara ya mwenzao kama hasara yao. Hiyo, ndugu wasikilizaji, ndiyo pilau isiyoonekana, na ni ngumu kuikataa kuliko ile ya mbuzi.

Huko Japani iliandaliwa kwa sahani kubwa zaidi. Ofisi ya kukagua usalama wa vinu, iliyoundwa mwaka 2001, iliwekwa chini ya wizara ile ile iliyokuwa ikihimiza umeme wa nyuklia. Mwaka 2008 kampuni ya Tokyo yenye kituo cha Fukushima Daiichi ilipiga hesabu na kuona kwamba mawimbi ya tsunami yangeweza kupanda zaidi ya meta 15, wakati kituo kilikuwa kimejiandaa kwa meta zisizofika sita. Hesabu hiyo ilifika kwa wakaguzi tarehe 7 Machi 2011. Bahari ilifika tarehe 11. Pampu zikakosa umeme, vinu vitatu vikayeyuka. Tume ya Bunge iliyoongozwa na Kiyoshi Kurokawa ilitamka mwaka 2012 kwamba maafa yale yalifanywa na wanadamu, na kwamba mdhibiti na mdhibitiwa walikuwa wameshikana mikono. Mwezi Septemba mwaka huo Japani ikaunda mamlaka mpya, mbali na wizara ile. Ilifanya mwaka 2012 kile ambacho Marekani ilifanya mwaka 1974. Somo lilikuwapo miaka 38, bila malipo.

Kwa nini nawaelezeni haya jioni ya leo? Sababu ni mbili.

Ya kwanza, swali hili limerudi huko huko lilikozaliwa. Mwaka 2024 Bunge la Marekani liliiagiza Tume iandike upya madhumuni yake, ili udhibiti usizuie bila sababu faida za nguvu za nyuklia. Mwezi Mei 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kutaka maombi ya vinu vipya yaamuliwe katika muda usiozidi miezi 18, na mwezi Juni akamwondoa mmoja wa makamishna kabla ya muda wake kwisha. Wanaounga mkono wanasema Tume ilikuwa ikichelewesha mno, na dunia inahitaji umeme usiotoa moshi. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mkaguzi anayekaa juu ya faili miaka kumi naye ana dhambi yake. Lakini haraka ndiyo iliyokuwa wimbo wa mwaka 1956 pia.

Ya pili, jambo hili limefika mlangoni petu. Kenya inapanga kujenga kituo cha nyuklia, na mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, huko Kilifi, waliandamana kukikataa. Kuhusu hilo nina neno moja la sifa: mwaka 2019 Kenya ilitunga sheria ya kuunda mamlaka ya kudhibiti nyuklia, na wakala wa kuhimiza ujenzi ukawa chombo kingine. Mikono miwili imetenganishwa kabla ya chungu kuinjikwa. Ni mwanzo mzuri. Lakini tumeona kwamba sheria ni mwanzo tu. Mzee wangu wa boila angeuliza maswali mengine. Mkaguzi analipwa na nani? Anaweza kuja bila kutoa taarifa? Anayoyaandika, mvuvi wa Kilifi ataweza kuyasoma kwa lugha anayoielewa? Na mkaguzi mdogo akisema "hapana", nani atamlinda?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkaguzi wa kweli ni mgeni wa namna hiyo: anaona vumbi la kutu ambalo mwenyeji amelizoea. Lakini siku anapozoea na yeye, siku anapoijua ladha ya chungu cha mwenyeji, hakuna tena wa kumponya mtu.

Boila yetu haikupasuka nilipokuwa pale. Waya ule ulikuwa bado umeifunga vali nilipoacha kazi, na cheti kilikuwa kimetundikwa ukutani, ndani ya kioo, kikiwa na saini nzuri kabisa.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.